Wastani si mtu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu takwimu za tabia za watu

Maswali haya nimeyasikia darasani, kwenye vikao vya ukoo na kwenye magrupu ya WhatsApp, mengine mpaka nimeacha kuhesabu. Huna haja ya kuyasoma kwa mpangilio. Jibu likitegemea jingine, nimetaja namba yake.

## Misingi

1. Wastani ni nini hasa?

Unajumlisha vyote, unagawa kwa idadi ya watu. Unachopata ni kile ambacho kila mmoja angekuwa nacho *kama* mgawo ungekuwa sawa. Hilo "kama" ndilo watu hulisahau. Wastani hausemi kwamba mgawo uko sawa, wala hauahidi kwamba yupo hata mtu mmoja mwenye kiasi hicho.

Sensa ya Tanzania ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na wastani wa watu 4.3 kwa kaya. Hakuna karani aliyepiga hodi akakuta watu wanne na kipande cha wa tano. Alikuta bibi anayeishi peke yake, akakuta vijana wawili wa bodaboda kwenye chumba kimoja, akakuta nyumba ya watu kumi na mmoja wanaokula kwenye sinia mbili. Hiyo 4.3 ni mali ya taifa zima. Ukiitafuta mtaani huipati.

2. Inawezekanaje karibu kila mtu awe chini ya wastani?

Njoo kwenye kamati ya harusi. Wajumbe 20. Mmoja, bosi wa bandarini, katoa milioni mbili. Wanne wametoa laki mbili kila mmoja, kumi wametoa laki moja moja, watano wametoa elfu hamsini hamsini. Jumla 4,050,000.

Katibu kasimama na daftari: "Ndugu wajumbe, wastani wa mchango wetu ni shilingi 202,500." Nyuso zikainama. Shangazi wa bwana harusi, aliyetoa laki, akamnong'oneza jirani yake kwamba kumbe yeye ndiye ametia aibu.

Hakutia aibu yoyote. Wajumbe 19 kati ya 20 walikuwa chini ya wastani, hata wale wa laki mbili. Bosi mmoja ndiye aliyeuvuta juu. Wapange wajumbe kuanzia mdogo hadi mkubwa, kisha mtazame wa katikati: wa 10 na wa 11 wote wametoa laki moja. Shangazi alikuwa katikati kabisa ya kundi.

Katibu naye hakudanganya. Ukitaka kujua kama fedha za ukumbi na pilau zitatosha, wastani unafaa, kwa sababu ukiuzidisha na idadi ya watu unapata jumla. Ukitaka kujua mjumbe wa kawaida ametoa nini, wastani ni namba isiyofaa, tafuta ya katikati. Mishahara, kodi za nyumba, idadi ya wafuasi mtandaoni: kote ambako wachache wamewaacha wenzao mbali, hesabu ya harusi hii inajirudia.

3. Tanzania iliingia uchumi wa kati 2020. Mbona mimi sikuuona?

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia iliipandisha Tanzania kutoka kundi la nchi za kipato cha chini. Pato la taifa kwa kila mtu lilikuwa dola 1,080 kwa mwaka 2019, na mstari wa kuvuka ulikuwa dola 1,036. Mwaka mmoja nyuma lilikuwa dola 1,020.

Siku hiyohiyo vijiwe vilianza hesabu. Dola 1,080 ni kama milioni mbili na nusu za wakati ule, kwa kila kichwa, na mtoto mchanga akiwemo. Familia ya watu watano basi ina zaidi ya milioni kumi na mbili kwa mwaka. Ziko wapi?

Sehemu ya jibu iko kwenye swali la 2. Sehemu nyingine ni kwamba pato la taifa halihesabu noti zilizopita mkononi mwako. Ndani yake kuna faida za kampuni, na kuna mahindi uliyolima ukayala mwenyewe bila kuyafikisha sokoni.

Waliokosea walikuwa pande mbili, na nadhani upande wa pili haukusemwa vya kutosha. Kuna aliyesema namba ni ya uongo kwa kuwa mfuko wake mtupu. Kuna aliyepiga vigelegele kana kwamba kila Mtanzania amepanda ngazi. Wote wawili waliichukua namba ya nchi wakaisoma kama ya mfuko wa mtu. Hakuna mwananchi aliyelala maskini tarehe 30 Juni akaamka wa kati.

## Kutoka kundi kwenda kwa mtu

4. "Wanawake huongea kuliko wanaume." Kweli au si kweli?

Kwanza zitazame hizo herufi mbili, *hu-*. Kiswahili kimetupa kiambishi kizuri cha kueleza mazoea, lakini kiambishi hicho hakisemi ni wangapi wenye mazoea hayo. Wote? Wengi? Au wamezidi kidogo tu ukichukua wastani? Sentensi inapita masikioni bila mtu kuidai hesabu.

Sasa hesabu. Imesambazwa kwa miaka mingi kwamba mwanamke hutamka maneno 20,000 kwa siku na mwanamume 7,000. Mwaka 2007 watafiti walichapisha matokeo ya kuwavalisha wanafunzi 396 wa vyuo vya Marekani na Mexico kifaa cha kurekodi sauti. Wanawake: wastani wa maneno 16,215 kwa siku. Wanaume: 15,669. Tofauti ni maneno 546.

Lakini namba ninayoipenda ni ile ambayo haifiki kwenye magrupu. Ndani ya kila jinsia, mtu alikuwa mbali na wastani wa wenzake kwa kiasi cha maneno 7,000 hadi 8,600 hivi. Tofauti ya mwanamke na mwanamke ilikuwa mara kadhaa ya tofauti ya wanawake na wanaume. Utafiti mkubwa zaidi uliotoka 2025, wenye watu zaidi ya 2,000, uliona kwamba kwa umri wa miaka 25 hadi 64 wanawake waliwazidi wanaume kwa takriban maneno 3,000. Basi kwa umri huo lipo pengo, na bado ukiambiwa tu kwamba mtu fulani ni mwanamke huwezi kukisia kama ni mpiga soga au mkimya.

5. Kwa hiyo kila sentensi ya *hu-* ni uongo?

Hapana. "Mbu huambukiza malaria" ni kweli na inaokoa maisha. Ila ichunguze: mbu dume hang'ati mtu, walio wengi si wa jamii ya Anofelesi, na hata Anofelesi jike haambukizi mpaka awe amebeba vimelea. Ni mbu wachache sana wanaoifanya sentensi iwe kweli. Tunaikubali kwa sababu ni onyo, na gharama ya kuwaogopa mbu wote ni chandarua.

Shida inakuja pale sarufi hiyohiyo inapobeba watu: "Watu wa kule hupenda hela." "Mabachela huleta fujo." Sikio limezoea kuilegezea sentensi ya mbu, linailegezea na hii. Gharama yake sasa analipa mtu ambaye hajafanya lolote.

Utani wa makabila ni jambo jingine. Mzaramo na Mnyamwezi wakitupiana maneno msibani, kila mmoja anajua ni utani na una kanuni zake za tangu enzi za misafara. Mambo huharibika utani ule unapohamia kwenye meza ya anayeajiri.

6. Babu yangu alivuta sigara hadi miaka 90. Si inaonesha takwimu zinadanganya?

Huku ni kukosea kwa kurudi kinyumenyume. Kwenye swali la 4 tulimhukumu mtu kwa namba ya kundi. Hapa tunaihukumu namba ya kundi kwa mtu mmoja.

Madaktari wanaume zaidi ya 34,000 wa Uingereza walifuatiliwa kuanzia 1951, na baada ya miaka 50 ikaonekana kwamba waliovuta bila kuacha walikufa wastani wa miaka 10 mapema kuliko wasiovuta. Miaka 10 hiyo haikukatwa sawasawa kwa kila mvutaji. Karibu nusu yao waliuawa na sigara, wengi wakipoteza zaidi ya miaka 10, na waliobaki hawakupoteza kitu kwa sigara. Babu yako yumo ndani ya wastani ule. Walimhesabu, au walimhesabu mwenzake.

7. Nikitengeneza kitu kwa vipimo vya mtu wa wastani, si kitawafaa wengi?

Jeshi la Anga la Marekani liliamini hivyo. Mwaka 1950 lilipima miili ya marubani zaidi ya 4,000, na luteni kijana, Gilbert Daniels, akachukua vipimo kumi vinavyohusu kukaa kwenye chumba cha rubani: urefu, kifua, mkono na kadhalika. Hakuwa mchoyo: kwa kila kipimo, yeyote aliyeangukia asilimia 30 za katikati alihesabiwa kuwa wa wastani. Kisha akauliza ni marubani wangapi walikuwa wa wastani kwenye vipimo vyote kumi.

Hakupatikana hata mmoja. Mwenye mkono wa wastani ana miguu mirefu, mwenye kifua cha wastani ana shingo fupi. Kiti kilichochongwa kwa ajili ya rubani wa wastani kilikuwa kimechongwa kwa ajili ya mtu asiyekuwepo. Dawa ikawa viti na pedali za kurekebishika.

Fundi cherehani wa mtaani kwako anajua hili bila luteni. Hakuulizi wewe ni wa wastani; anavuta utepe, bega, kiuno, urefu, anaandika kwenye kipande cha boksi.

8. Nimesoma kwamba tabia mpya huchukua siku 66 kujengeka. Mimi siku ya 80 bado nahangaika.

Siku 66 ilitoka kwenye utafiti wa University College London uliochapishwa 2010, wenye watu 96 waliojaribu kuzoea jambo dogo kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Hiyo 66 ni namba ya katikati ya waliofanikiwa kupimika. Mmoja alichukua siku 18. Mwingine alikadiriwa 254, na nasema alikadiriwa kwa kuwa utafiti wenyewe ulidumu wiki 12 tu. Siku ya 80 hujachelewa popote.

## Macho yako na daftari la takwimu

9. Daladala zimejaa kila siku, lakini wenye magari wanasema wastani wa abiria ni mdogo. Nani mwongo?

Hakuna. Chukua daladala tatu: mbili zina abiria 10 kila moja, ya tatu ina 40. Konda akihesabu kwa gari, wastani ni abiria 20. Sasa waulize abiria wote 60 waliona nini. Arobaini kati yao watakwambia walibanwa, kwa sababu wao ndio walioijaza ile ya tatu. Ukikokotoa kwa upande wa abiria, wastani wa watu waliokuwa nao garini ni 30. Gari tupu halina wa kulishuhudia.

Mtego huu uko kila mahali. Mwanasosholojia Scott Feld alionesha mwaka 1991 kwamba, kwa wastani, marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe, na si kwa sababu unachukiwa. Mwenye marafiki wengi yumo kwenye orodha za watu wengi, kwa hiyo anahesabiwa mara nyingi. Ukipitisha vidole kwenye simu usiku ukaona kila mtu ana maisha kukuzidi, umepanda ile daladala ya tatu.

10. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote wameoza. Walikosea?

Kwenye tenga la samaki walikuwa sahihi: uozo unaambukiza. Methali inakwenda kombo tunapoifanya sheria ya takwimu, tukamwona kijana mmoja mwizi tukasema mtaa mzima umeoza. Wahenga wenyewe hawakudai kila methali ifae kila mahali. Wametuachia "haraka haraka haina baraka" na "ngoja ngoja huumiza matumbo", tuchague kwa kuangalia hali.

## Mitego ya waliosoma

11. Mikoa yenye jambo fulani ina matokeo fulani. Si ina maana watu wenye jambo hilo ndio wenye matokeo hayo?

Si lazima, na huenda ikawa kinyume kabisa. Mwaka 1950 mwanasosholojia W. S. Robinson alichukua sensa ya Marekani ya 1930. Majimbo yenye wahamiaji wengi yalikuwa na watu *wachache* wasiojua kusoma. Ungesema wahamiaji ni wasomi. Alipoangalia mtu mmoja mmoja, wahamiaji ndio walioelekea zaidi kutojua kusoma. Wahamiaji walikuwa wamekwenda kuishi kwenye majimbo ambako wenyeji walikuwa wamesoma.

Kumbuka hili kila unapooneshwa ramani ya mikoa iliyopakwa rangi.

12. Je, jumla inaweza kusema hivi na sehemu zake zikasema vile?

Ndiyo. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973: waombaji wanaume waliopokewa masomo ya juu walikuwa karibu asilimia 44, wanawake 35. Ilionekana wazi kuwa ni ubaguzi. Idara zilipochunguzwa moja moja, hazikuonesha upendeleo kwa wanaume, na wanawake walikuwa na nafuu ndogo. Wanawake wengi walikuwa wameomba idara ngumu kuingia. Kwa nini waliomba huko ni swali lingine, na jumla ile haikulijibu.

13. Shule iliyoongoza kitaifa mwaka jana imeshuka. Walimu wamebweteka?

Inawezekana, lakini lisiwe wazo lako la kwanza. Matokeo ya mwaka mmoja ni mchanganyiko wa ufundishaji, kundi la wanafunzi la mwaka huo, na bahati. Wa kwanza kwenye orodha ya maelfu karibu kila mara ana vyote vitatu kwa pamoja. Mwakani ufundishaji unabaki, bahati inahama. Mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliliona hili 1886 kwa vimo: wazazi warefu sana walizaa watoto warefu, lakini kwa kawaida si warefu kiasi chao.

Angalia pia idadi ya watahiniwa. Shule ya watahiniwa 35 inaruka juu na chini kuliko ya 300, kwa sababu wanafunzi watano tu wanatosha kuusogeza wastani wake. Ndiyo maana shule ndogo hujazana kileleni, na hujazana mkiani pia, ila mkiani hakuna anayezifuata na kamera. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoacha kutangaza shule kumi bora mwanzoni mwa 2023 wengi walilalamika. Mimi sikulalamika.

14. "Utafiti umeonesha binadamu hufanya hivi." Binadamu yupi?

Hili ndilo swali ninalotamani liulizwe zaidi. Kwa muda mrefu "binadamu" wa majarida ya saikolojia alikuwa mwanafunzi wa chuo wa Marekani au Ulaya.

Kuna mchezo maarufu. Wewe unapewa fedha na unaambiwa umgawie mwenzako usiyemjua kiasi upendacho. Akikubali, kila mmoja anachukua chake. Akikataa, wote mnakosa. Wanafunzi wa nchi tajiri kwa kawaida walitoa asilimia 40 hadi 50, ikaandikwa kwamba hivyo ndivyo binadamu alivyo. Kisha watafiti wakaupeleka mchezo kwenye jamii ndogo 15 duniani na kuchapisha matokeo 2001. Wamachiguenga wa Peru walitoa wastani wa asilimia 26. Wavuvi wa nyangumi wa Lamalera, Indonesia, walitoa 58. Wahadzabe wa Tanzania walitoa 27 kwenye kambi ndogo na 40 kwenye kambi kubwa, kwa hiyo hata "Mhadzabe wa wastani" anavunjika ukimkaribia.

Kilichonifurahisha zaidi ni Waorma wa Kenya. Walipowekewa mchezo mwingine, wa kuchangia mfuko wa pamoja, hawakuona kitendawili chochote cha wachumi. Waliubatiza mchezo wa harambee, wakachangia kwa ukarimu. Mtu hujibu swali analolitambua, na kila jamii inalitambua swali lake.

15. Kama wastani ni wa kweli, kosa liko wapi nikiutumia kuamua?

Inategemea unaamua nini. Anayepanga idadi ya madarasa, dozi za chanjo au akiba ya bima anashughulika na maelfu kwa pamoja, na wastani ndio chombo chake halali. Wewe unayeamua juu ya mtu mmoja aliyesimama mbele yako una njia nyingine: kumuuliza, kumpa majaribio, kumpigia aliyewahi kuishi naye.

Hata kwenye bima jamii zinaweza kusema hapana. Mwaka 2011 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kampuni za bima zisitoze bei tofauti kwa wanaume na wanawake, kuanzia 21 Desemba 2012. Tofauti ya wastani kwenye ajali za vijana wa kiume ilikuwepo. Mahakama iliona usawa wa jinsia hauwezi kuwekewa msamaha usio na mwisho.

Nilipokuwa natafuta chumba Dar, dalali alipokea elfu kumi yangu ya kuoneshwa nyumba. Tulipofika getini aliniuliza kama nina mke kabla hajaniuliza jina. Nikasema bado. Akasema mwenye nyumba hataki mabachela, huleta fujo, akageuka na kuondoka. Elfu kumi hakurudisha.